Kabla ununue kipoozi cha maji, fungua hiyo mashine kwanza

Wasee, swali linalojaza inboksi yangu siku hizi ni moja, linabadilisha jina la gemu tu. Mashine inacheza poa dakika kumi, kumi na tano hivi, halafu fremu zinaanza kuanguka, picha inakwamakwama, na feni inanguruma kama ndege inaruka Wilson. "Ninunue kipoozi gani?" Na chini ya swali kuna picha ya kile mtu ameshachagua moyoni: kipoozi cha maji, feni tatu, taa za rangi zote kama nganya mpya ya Rongai.

Jibu langu ni usinunue. Si ati nachukia taa. Ni juu hiyo doh umeiweka polepole miezi mingi, na shida yenye iko kwa mashine yako mara nyingi inaisha na tyubu ndogo ya pesti, brashi, na jioni moja ya Jumamosi.

Tuongee kuhusu mashine zenye tuko nazo kweli. Zile video za Marekani zinaongea na mtu ameunda kompyuta mpya kabisa, prosesa kama Core i9-14900K, kitu Intel wenyewe wanasema kinaweza kula mpaka wati 253 kikisukumwa. Huyo mtu anahitaji kipoozi kikubwa, hatuna ubishi. Lakini sisi wengi tulinunua ex-UK. Dell OptiPlex, HP EliteDesk ama Lenovo ThinkCentre, ilifanya kazi ofisini huko majuu miaka kadhaa, ikauzwa kwa jumla, ikaletwa tauni, ikapanguswa nje, ikabandikwa bei. Ndani kuna i5-6500 ama i7-4790. Ukaongeza kadi ya grafiki kama GTX 1650, ukasema sasa hii ni mashine ya gemu. Na ni mashine ya gemu, mtu asikuchekelee.

Sasa angalia umri. i7-4790 ilitoka 2014, i5-6500 ikatoka 2015. Ya kwanza imepewa kiwango cha wati 84, ya pili wati 65. Wati 65 ni kama ile balbu ya kitambo ya 60, ile ukiishika ikiwa imewaka unaachilia na kelele. Joto hilo lote linatoka kwa kipande cha silikoni kisichozidi kucha ya kidole gumba. Ni mingi kwa mahali padogo hivyo, ndio, lakini si ya kutisha. Kipoozi kilichokuja na hiyo mashine kilichaguliwa na wahandisi waliojua hizo wati. Siku ya kwanza kilitosha. Kama leo hakitoshi, kuna kitu kimebadilika, na prosesa ni ile ile.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni pesti. Watu wanaidharau juu haionekani. Ukiangalia kwa macho, uso wa prosesa na uso wa hitisinki ni laini kama kioo. Si kweli. Zote zina mabonde na milima midogo sana, na ukizibana pamoja zinagusana kwa vilele tu. Katikati kunabaki hewa, na hewa ni blanketi. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko hewa zaidi ya mara elfu kumi. Pesti haifiki kiwango cha shaba, hata haikaribii, lakini inajaza yale mabonde na kuifukuza hewa, na hata pesti ya kawaida inapitisha joto kuliko hewa mara mia na zaidi. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Pesti iliyowekwa kiwandani 2015, ikapashwa moto na kupoa kila siku ya kazi, inakauka. Wakati mwingine inapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na hewa inarudi kati. Ukifungua mashine ya hivyo unakuta unga mweupe ama wa kijivu badala ya kitu kinateleza. Hapo hata ukiweka feni ya ndege, joto halifiki kwa hitisinki, sasa feni itapoesha nini? Hiyo ndiyo sababu feni inapiga kelele na nyuzi hazishuki. Kelele ni dalili, si dawa.

Kitu cha pili ni vumbi, na hapa nataka kuongea na watu wa bedsita. Ukiishi chumba kimoja, jikoni iko hatua tatu kutoka kwa mashine. Kila ukikaanga mayai ama kuunga sukuma, kuna mvuke wa mafuta unapanda hewani, na feni ya kompyuta inauvuta ndani siku nzima. Vumbi la kawaida ukilipuliza linatoka. Vumbi lililochanganyika na mafuta ya kupikia linashika kwa mapezi ya hitisinki kama sufuria haijaoshwa wiki. Ongeza barabara ya murram nje ya dirisha, ongeza mashine kuwekwa sakafuni kando ya zulia. Nimefungua kasha ambazo kati ya feni na hitisinki kulikuwa na kitu kama kipande cha godoro. Mwenyewe alikuwa ameambiwa na fundi prosesa "imezeeka". Prosesa haizeeki hivyo! Ilikuwa inapumulia kwa godoro.

Cha tatu ni ile kadi yenye uliongeza. GTX 1650 ni wati 75, na aina nyingi zake hazihitaji hata waya wa umeme wa pembeni, ndiyo maana tunazipenda kwa hizi mashine. Lakini hizo ni wati zingine 75 ndani ya kasha lililotengenezewa karani wa kuandika barua. Kasha nyingi za ofisi zina feni moja ama mbili ndogo. Kadi inatapika hewa moto, na hewa hiyo hiyo ndiyo prosesa inategemea ipoe nayo.

Kabla ufanye chochote, pima. Task Manager ya Windows itakuonyesha nyuzi za kadi ya grafiki lakini za prosesa haikuonyeshi, kwa hivyo weka HWiNFO ama Core Temp, zote ni za bure. Cheza gemu yako nzito nusu saa, halafu angalia kiwango cha juu kilichofikiwa. Kisha zima, toa kava ya upande, cheza tena nusu saa hiyo hiyo, mahali pale pale pa gemu. Nyuzi zikishuka sana, tuseme kumi hivi, shida yako ni kasha: hewa haiingii ama haitoki. Zikibaki pale pale, shida iko kati ya prosesa na hitisinki, yaani pesti, vumbi kwa mapezi, ama skrubu imelegea. Hicho kipimo hakigharimu kitu, na sijaona duka likikuambia ukifanye kabla wakuuzie kipoozi.

Na tusitishane bure. Kuna mtu anaona nyuzi 72 anaanza kutafuta barafu. Nyuzi 72 ukicheza gemu ni sawa kabisa. Prosesa nyingi za Intel za hiyo miaka zinaanza kujikata mwendo zikikaribia nyuzi 100, na AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka wa 2022 walisema wazi kuwa zile kubwa zao kufika 95 kukiwa na kazi nzito ni kawaida. Prosesa inajilinda: ikizidi moto inapunguza mwendo wenyewe, ikizidi tena inazima mashine. Haiwaki moto kama stovu. Kile unapoteza ni fremu. Ukiona saa ya prosesa inashuka kutoka 3.3 GHz mpaka 1-na-kitu katikati ya mechi, hapo ndipo bao linaingia ukiangalia. Mimi kipimo changu kwa hizi i5 za ofisi ni rahisi: chini ya 80 endelea na maisha, 80 mpaka 90 tafuta brashi, juu ya 90 kuna kitu kimeharibika na usicheze mpaka ukijue.

Sasa turudi kwa hicho kipoozi cha maji. Watu wanadhani maji yanameza joto linapotea. Mwenye gari ama aliyewahi kupanda matatu ikachemka pale Salgaa anajua vizuri: maji yanabeba tu. Yanatoa joto kwa injini, yanalipeleka kwa rejeta, na rejeta inalitupa hewani. Kipoozi cha maji cha kompyuta ni hicho hicho: pampu, mipira miwili, rejeta na feni. Joto linaishia kwa hewa ile ile ya chumba chako. Kwa prosesa ya wati 253 ile rejeta kubwa ina maana. Kwa wati 65, umekodisha lori la kubeba kilo mbili za sukari. Na lori lina pampu, pampu inakufa siku moja, na ikikufa nyuzi zinapanda haraka sana. Hitisinki ya kawaida feni yake ikikufa, unanunua feni.

Hata hapo hujafika kwa shida kubwa zaidi: hakitaingia. Baadhi ya hizi mashine za Dell na HP hazifuati vipimo vya kawaida. Skrubu za kushika kipoozi wakati mwingine zinaingia moja kwa moja kwa chuma cha kasha, soketi ya waya wa feni ni yao peke yao, na mahali pa kufunga rejeta hakuna kabisa. Kwa hivyo unanunua kasha jipya. Halafu ubao mama haukai vizuri kwa kasha jipya, unanunua ubao. Ubao mpya unataka pawa saplai ya kawaida, unanunua hiyo pia. Unaanza na shida ya pesti unamaliza na mashine mpya yenye prosesa ya zamani.

Na hapa lazima niwaseme watu wa kontenti, ambao mimi ni mmoja wao. Kipoozi chenye taa kinapigwa picha vizuri. Pesti haipigiki picha. Hakuna mtu anapata vyuzi laki moja kwa kuonyesha brashi ya mswaki ikisugua mapezi. Kwa hivyo kijana wa Kayole anaona mashine ishirini zenye maji na taa, hakuna hata moja inafanana na yake, anaamini yake ni mgonjwa. Wengine wao hiyo mashine ndiyo inawalisha, usiku wanacheza, mchana wanaedit video za harusi ama wanafanya kazi za mtandaoni. Akipeleka doh yake kwa taa na mashine ikabaki moto vile vile, amepoteza mara mbili.

Kufungua si uchawi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla uguse kitu kingine. Ukipuliza na bloa, shika feni na kidole isizunguke, juu ikizungushwa kwa nguvu na upepo inaweza kuharibu beringi zake. Fanyia nje, si kitandani. Kabla utoe hitisinki, washa mashine dakika chache kwanza ipate moto kidogo, halafu zima na chomoa tena, ili pesti ilainike. Hii ni muhimu sana kwa wale wa Ryzen za soketi ya AM4, juu pesti ikiwa imeshika, hitisinki inaweza kung'oka na prosesa yote ikiwa na miguu yake. Zungusha polepole kushoto kulia, usivute juu.

Skrubu zilegeze kwa mshazari, hii kidogo, ile ya kona ya pili kidogo, na kurudisha ni hivyo hivyo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, hitisinki inakaa pembe na umefanya kazi bure. Pesti ya zamani futa na karatasi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile spiriti ya kidonda inaweza kuwa na vitu vingine vinabaki kama utando, iwachie kidonda. Pesti mpya ni punje moja, saizi ya dengu hivi, katikati. Mzigo wa hitisinki utaisambaza. Kupaka nene kama bluband kwa mkate hakusaidii, unarudisha tu blanketi lingine. Na tafadhali, ile ya dawa ya meno wachana nayo. Inafanya kazi siku ya kwanza juu ina maji, ikikauka unarudi chini ya pale ulikuwa.

Kuna mambo mengine mawili ya bure kabisa. Kama monita yako ni ya Hz 60 na gemu inatoa fremu 150, prosesa inachoka kutengeneza fremu zenye skrini yako haiwezi kukuonyesha kikamilifu. Funga fremu kwa mipangilio ya gemu. Watu wa Valorant watasema fremu nyingi zinapunguza kuchelewa kwa mausi. Ni kweli, kidogo, kwa hivyo nyinyi fungeni 100 kama ni lazima. Wale wa GTA V na EA FC hamna kisingizio, wekeni 60 na msikie feni ikinyamaza. Ya pili: kwa mipangilio ya umeme ya Windows kuna kiwango cha juu cha prosesa, kimeandikwa 100. Weka 99. Hiyo asilimia moja inazima turbo. i5-6500 inabaki kwa 3.2 GHz badala ya kupanda mpaka 3.6, na nyuzi zinashuka vizuri. Ni ya kushikilia tu, kama mwisho wa mwezi haujafika na pesti hujanunua.

Pia mahali unaishi ni sehemu ya kipoozi chako. Kipoozi hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda kama kumi. Kwa hivyo mtu wa Mombasa chumba kikiwa 32 asijilinganishe na mtu wa Limuru. Watu wa Pwani pia wana unyevu na chumvi hewani, zinakula chuma, na mimi ningesafisha mara mbili zaidi huko. Nairobi tuna baridi kidogo lakini tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapa hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 16 kuliko ufuoni, kumaanisha feni inayozunguka mara zile zile inasukuma hewa pungufu. Baridi yetu inafidia hiyo. Kile hakifidiwi ni chumba cha mabati saa nane mchana mwezi wa pili. Hapo hata mimi nakuambia cheza usiku, na utoe mashine kwa ile kabati ya televisheni, iwekwe juu ya kitu, sentimita kumi na kitu kutoka ukutani upande wa nyuma.

Ukishafanya haya yote na bado iko 90, sawa, nunua kitu. Feni ya milimita 120 ya kuvuta hewa mbele kama kasha lina nafasi, na nyingine ya kutoa nyuma. Kama ubao ni wa kawaida, kipoozi cha mnara chenye feni moja, hakina taa, hakivuji, kitahamia kwa mashine yako inayofuata. Nitakusaidia kuchagua hata.

Lakini kilichonifanya niandike ni wauzaji. Anayeuza mashine ya miaka kumi kama "tayari kwa gemu" anajua pesti imekufa. Kuibadilisha kwa yule mwenye duka ni dakika kumi na tano na gharama ndogo kuliko chipo kuku, juu yeye ananunua tyubu kubwa ya mashine nyingi. Hafanyi juu hatujawahi kuuliza. Tunauliza RAM ngapi, SSD ngapi, kadi gani, halafu tunauliza kama kibodi ni ya bure. Kuanzia sasa ukienda kununua, beba HWiNFO kwa flashi. Mwambie afungue kava ya upande uone mapezi ya hitisinki. Mwambie aweke gemu ama programu ya kuchosha prosesa, iachwe dakika kumi wakati mnapatana bei, na nyuzi zikiwa kwa skrini mkiziona nyote wawili. Ikipita 85, mwitishe pesti mpya iwekwe hapo hapo ukiangalia, na isiongezwe kwa bei. Akikataa kuiwasha, shuka ngazi uingie duka la chini. Tauni hiyo hiyo OptiPlex iko kila mlango.